Unaunda kompyuta ya mezani kwa mara ya kwanza? Kagua haya kabla hujalipa

Kuunda kompyuta ya mezani si kazi ya mafundi peke yao. Ukiwa na bisibisi ya nyota, meza safi na masaa kama manne ya utulivu, unaweza. Kinachowaliza wengi ni manunuzi: unanunua vifaa vizuri, ukifika nyumbani haviingiliani, na hela ishatoka.

Unahitaji nini?
Prosesa na feni yake, mazabodi, RAM, SSD, pawa saplai na kasha. Kadi ya picha inategemea prosesa uliyochagua.

Anza na soketi
Soketi ya prosesa na ya mazabodi lazima iwe moja. Mfano, Ryzen 5 5600 inakaa kwenye soketi ya AM4 na inatumia RAM ya DDR4. Ryzen 5 7600 ni ya AM5, na hiyo inataka DDR5 tu. DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, hata ulazimishe vipi.

Herufi moja inaweza kukugharimu
Ryzen 5 5600 haitoi picha yenyewe. Bila kadi ya picha, skrini inabaki nyeusi. Ndugu yake, 5600G, inatoa. Kwa upande wa Intel, ukiona F mwishoni, kama Core i5-12400F, jua lazima ununue na kadi.

Usibane hela kwenye pawa saplai
Ikifa vibaya, inaweza kuondoka na vifaa vingine. Chagua yenye wati zaidi ya mahitaji ya prosesa na kadi yako. Kama umeme wa kwenu unakatika-katika, tenga na hela ya UPS.

Siku ya kuunganisha
• Gusa chuma kwanza ili kutoa umeme tuli mwilini.
• Funga prosesa, RAM na SSD mazabodi ikiwa bado nje ya kasha.
• Linganisha pembetatu ndogo ya kwenye kona ya prosesa na ile ya soketi. Iache ikae yenyewe, usiikandamize.
• RAM ndiyo inataka nguvu kidogo: bonyeza hadi isikike "klik".
• Bandua plastiki iliyo chini ya kipoza joto kabla ya kukifunga. Wengi huisahau.
• Mazabodi inachukua waya mbili za umeme: ule mkubwa wa pini 24, na wa prosesa, mara nyingi pini 8.

Imewaka, ila skrini nyeusi?
Usipaniki. Kama una kadi ya picha, waya wa HDMI uchomeke kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Ikigoma, zima, chomoa RAM na uirudishe vizuri. Kwa DDR5, subiri dakika kadhaa. Mara ya kwanza huchelewa.

Na maboksi usitupe. Yatunze pamoja na risiti, maana dukani ndivyo watakavyoulizia kwanza ukirudisha kifaa.