Kwa nini laptopu zetu mbili hazioni waifai

Juzi mmoja wetu hapa Nsambya aliuliza: zile laptopu za mitumba tulizopewa, tukiziwekea Linux, mbona mbili hazioni waifai? Jibu lake ni historia kidogo.

Draiva ni programu inayojua kuongea na kifaa fulani. Kwenye Linux draiva nyingi zinakaa ndani ya kiini chenyewe, ukiwasha tu kifaa kinafanya kazi. Lakini lazima kwanza mtu aiandike, na kuiandika lazima ajue kifaa kinavyofanya kazi. Broadcom, kampuni ya Marekani yenye chipu za waifai ndani ya laptopu nyingi, ilikuwa haitoi maelezo. Basi watu wa kujitolea wakajigawa. Kundi moja likachunguza draiva ya kampuni na kuandika inafanya nini. Kundi la pili, bila kuiona hiyo draiva, likatunga mpya kwa kufuata maandishi hayo, ili mtu asije kusema wameiba. Juni 2006 kazi yao ikaingia kwenye Linux 2.6.17.

Shida moja ikabaki, na ndiyo imetupata sisi. Chipu inataka pia famuwea, programu ya kampuni inayopakiwa ndani yake, na hiyo hawakuwa na ruhusa ya kuigawa. Inabidi uishushe mwenyewe. Yaani unahitaji intaneti ndiyo upate intaneti! Ile laptopu ya tatu tuliiokoa kwa kuchomeka simu na waya wa USB, bando la mwenye simu likaisha hapohapo (samahani sana, dada).

Septemba 2010 Broadcom wenyewe wakatoa draiva ya wazi. Watu wakafurahi, ila ilikuwa ya chipu mpya. Za zamani, ambazo ndizo zinatufikia huku Kampala, zikabaki kwa walewale wa kujitolea.

Tena kuingizwa si mwisho. Kiini kinatoka upya kila baada ya miezi 2 au 3, na draiva lazima iende nacho. Kuna orodha ya nani anatunza nini. Julai 2019 Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, aliiandika draiva ya diski za floppy kuwa yatima: mtunzaji wake hakuwa tena na kifaa kizima cha kuijaribia. Baadaye mwingine akajitokeza, akaichukua.

Vifaa vya zamani sisi tunavyo. Ijumaa leteni zile mbili, tuandike namba za chipu na makosa zinayoonyesha, tuwatumie watunzaji. Nani ana Kiingereza kizuri cha kuandika?