Ramani ya maji taka: kutoka Broad Street hadi Mukuru

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa habari za hifadhidata hamtazikwepa.

Hapa Fedha, Mto Ngong hauko mbali nasi. Hupita Kibera, eneo la viwanda, Mukuru na Embakasi, kisha huungana na Mto Nairobi. Kwamba ni mchafu kila mtu anajua. Linaloninyima usingizi mimi mtu wa kompyuta ni hili: uchafu huo unatoka jengo gani?

London walilijibu swali hilo zamani. Kipindupindu kilipozuka Soho mwaka 1854, daktari John Snow alichora ramani, kila aliyekufa akamwekea mstari mweusi kwenye nyumba yake. Mistari ikarundikana karibu na pampu ya Broad Street, ambayo mpini wake ulikuwa umekwisha kuondolewa tarehe 8 Septemba, kabla ramani haijachorwa. Wengi huishia hapo, kumbe utamu uko mbele. Ramani ilionyesha waliokufa, si chanzo. Mwaka 1855 kasisi Henry Whitehead alipekua orodha za vifo, akakuta mtoto mchanga wa nyumba namba 40 aliyeanza kuharisha kabla ya mlipuko. Shimo la maji taka la nyumba hiyo likafukuliwa. Lilikuwa likivuja, na kisima kiko chini ya mita moja!

Kwa lugha yetu ya hifadhidata, jengo moja ni safu moja ya jedwali. Nairobi tumechelewa kwa sababu jedwali lenyewe lilikuwa na mapengo. Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani hadi mwishoni mwa 2009, vijana wa Map Kibera walipoizunguka na vifaa vya GPS na kuichora kwenye OpenStreetMap. Mukuru ilitangazwa na kaunti eneo maalum la mipango mwaka 2017, na kaya zaidi ya 100,000 zikahesabiwa.

Mwaka 2021 Google ikatoa michoro ya majengo ya Afrika kutokana na picha za setilaiti. Safi sana, lakini setilaiti huona paa tu. Gorofa iliyounganisha vyoo vyake na mtaro wa maji ya mvua huwezi kuitambua kutoka angani. Njia ni ile ya kale: unamwaga rangi chooni, mwenzako anangoja mtaroni aone kama itatokea. Rangi si ghali. Kazi ni kumpata mwenye ploti atakayekufungulia geti.