Jinsi ya kupunguza foleni katika kliniki ya mifugo

KATIKA kliniki ya mifugo, kucheleweshwa si kero tu. Mbuzi aliyejaa gesi tumboni aweza kufa kwa muda wa saa chache, huku mbele yake wakisubiri mbwa watano walioletwa kudungwa chanjo ya kila mwaka. Ndiposa kanuni ya anayetangulia kufika kutangulia kuhudumiwa haifai peke yake.

Hatua ya kwanza ni kumkagua kila mnyama mara anapowasili. Mhudumu aangalie jinsi anavyopumua, rangi ya ufizi na iwapo anavuja damu. Mbwa aliyekula sumu, jike aliyekwama kuzaa na paka dume anayejikakamua bila kutoa mkojo wapelekwe kwa daktari moja kwa moja.

Pili ni miadi. Iwapo kila mgonjwa huchukua dakika 20, daktari mmoja huona watatu kwa saa. Akipangiwa wanne, baada ya saa tatu watatu watakuwa wangali kwenye foleni, na atakayefika wakati huo atangoja saa nzima. Chanjo na ukaguzi wa vidonda vilivyoshonwa vipangiwe saa maalumu, na nafasi kadhaa ziachwe wazi kwa ajili ya dharura.

Tatu, kazi igawanywe. Sheria ya Kenya ya 2011 kuhusu taaluma hii inawatambua madaktari wa mifugo pamoja na wasaidizi wao. Msaidizi aweza kumpima mnyama uzani na joto, ambalo kwa mbwa mwenye afya ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, kisha aandike historia ya ugonjwa kabla ya daktari kuingia.

Daktari anayetibu pia ng'ombe vijijini atenge saa za ziara hizo na kuzipanga kwa maeneo. Asipofanya hivyo, kila simu ya mfugaji itaikatiza foleni ya kliniki.

Ili kujua panapokwama, karani aandike kwa wiki mbili saa ya kila mteja kufika, kuingia kwa daktari, kulipa na kuondoka. Pengine kizuizi ni dirisha la dawa, wala si daktari.

Mwenye mnyama naye ana wajibu wake: apige simu kabla ya kuja, abebe kadi ya chanjo, na mbwa wake amfunge kamba.