Picha za Dansi za Usiku Ziko Wapi?

Ukitaka kumsikia Mbaraka Mwinshehe leo hii hupati taabu. Alifariki dunia Januari 1979, lakini gitaa lake bado linalia ndani ya mabasi yanayotoka Singida kwenda Dodoma, tena dereva mwenyewe wakati mwingine hakuwa amezaliwa. Sasa jaribu kumwona. Tafuta picha inayomwonyesha jukwaani usiku, jasho likimtiririka na watu wakicheza mbele yake. Aghalabu utakachopata ni picha ya mchana: bendi imejipanga mstari, sare zimepigwa pasi, magitaa yameshikwa tu wala hayapigwi. Ndivyo ilivyo kwa Western Jazz, kwa NUTA Jazz, na kwa jirani zetu wa Tabora Jazz, bendi ya Shem Karenga.

Sauti ilibaki kwa sababu ilikuwa na mlezi. Radio Tanzania Dar es Salaam iliziita bendi studio, ikazirekodi na kuzihifadhi kanda. Picha haikuwa na mlezi wa namna hiyo. Zanzibar walipata televisheni miaka ya 1970, lakini huku Bara tulisubiri hadi 1994. Kwa hiyo enzi nzima ya dansi iliachiwa mtu mmoja mwenye kamera begani, na adui yake alikuwa giza.

Nieleze kidogo, maana wengi hudhani mpiga picha wa zamani alikuwa mzembe. Chukua ukumbi wa mkoani wenye balbu mbili tatu zilizopakwa rangi. Kwa filamu ya kawaida, ASA 100, na lenzi iliyofunguliwa hadi 2.8, kamera ilihitaji kama nusu sekunde kupata picha. Nusu sekunde! Katika muda huo mkono wa mpiga solo umekwishapanda na kushuka, na kwenye karatasi unatoka kama moshi. Ukipata filamu ya ASA 400, unashuka hadi sehemu moja ya nane ya sekunde. Mafundi walithubutu kuihesabu hiyo ya 400 kana kwamba ni 1600, kisha wakaiacha kwenye dawa muda mrefu zaidi wakati wa kuisafisha. Hapo walifikia sehemu moja ya thelathini, lakini picha ilijaa chembechembe kama mchanga.

Flashi je? Flashi ina ubahili wake. Mtu aliye mita nne hupata robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita mbili. Mwimbaji anang'aa kama amepakwa unga, mpiga ngoma nyuma yake hayupo. Filamu za rangi nazo zilikuwa na lao, kwani viwandani rangi zilipimwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, na uso mweusi penye giza ulimezwa. Ongeza uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ya 1980, ambapo hata sabuni ilipangiwa foleni, seuze filamu.

Mzee mmoja fundi picha wa hapa Singida aliniambia mbinu yake. Hakumfuata mwimbaji. Aliegemeza viwiko juu ya meza na kungoja mwisho wa ubeti, pale mwimbaji anapotulia kuvuta pumzi. "Mwanangu, kila mtu hutulia mara moja," alisema. Lakini picha za jukwaani hazikuwa na mnunuzi. Walionunua walikuwa wachezaji, kila mtu akitaka yake na mwenzi wake. Biashara ilikuwa sakafuni.

Kwingineko hali hiyo hiyo ilizaa hazina. Kinshasa, Jean Depara alifanywa mpiga picha rasmi wa Franco mwaka 1954, akazunguka na flashi yake katika mabaa usiku kucha. Bamako, Malick Sidibé alipiga dansi za vijana, na picha yake ya Krismasi ya 1963, ya kijana na binti wakicheza vichwa vikikaribiana, inajulikana dunia nzima. Mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu kule Venice. Naye aliwauzia wachezaji picha zao, kama mzee wetu. Tofauti ninayoiona mimi ni moja: Sidibé alitunza negativu zake.

Za mzee wetu zilikuwa ndani ya sanduku la bati. Alipofunga studio, sehemu kubwa ilichomwa pamoja na takataka. Zilizosalia ni picha za karatasi zilizotawanyika katika albamu za watu, Iramba, Manyoni, Itigi. Mtazame bibi anayecheza, kisha mtazame aliye nyuma ya bega lake: huenda ndipo ilipo bendi, nusu gizani, bila jina.

Mwenye albamu ya namna hiyo, mwulize bibi angali hai, ni ukumbi gani na ni bendi gani, uandike nyuma kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Na ukikuta negativu zimegandana kwa joto, usizibandue kwa kucha.