Sentimita 54 za Laufenburg: Utamaduni na Upashanaji wa Taarifa katika Timu za Miradi

Katika taaluma ya usimamizi wa miradi umezoeleka mtazamo kwamba taarifa muhimu hupotea ndani ya timu za watu wa mataifa mbalimbali kwa sababu ya tofauti za utamaduni. Mtazamo huo umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kazi ya Geert Hofstede ya mwaka 1980, iliyotokana na hojaji za wafanyakazi wa IBM, na hasa juu ya dhana yake ya umbali wa kimadaraka, yaani kiwango ambacho walio chini hukubali kwamba mamlaka yagawanywe bila usawa. Mwaka 2002 Brendan McSweeney alihoji ni vipi wafanyakazi wa kampuni moja wanaweza kuwakilisha mataifa yao, na hoja hiyo haijapata jibu la kutosheleza. Makala hii inadai zaidi ya hapo, kwamba timu huwa hatarini zaidi pale wanatimu wanapoamini kuwa tayari wanaelewana.

Daraja la Laufenburg, linalovuka mto Rhine kati ya Ujerumani na Uswisi, ni ushahidi mzito wa dai hilo. Wakazi wa ng'ambo zote mbili huzungumza Kijerumani, na miji yao ina jina moja; kwa kipimo chochote cha utamaduni, ni vigumu kupata majirani wanaokaribiana zaidi. Hata hivyo, Ujerumani hupima kimo cha ardhi kutokea usawa wa Bahari ya Kaskazini, ilhali Uswisi hupima kutokea usawa wa Mediterania, na mifumo hiyo hutofautiana kwa sentimita 27. Wahandisi waliijua tofauti hiyo na wakaiingiza katika hesabu zao, ila alama ya kujumlisha na ya kutoa zilibadilishana nafasi, hivyo badala ya kufutika, tofauti ikaongezeka maradufu. Mwaka 2003, ujenzi ukiwa unaendelea, iligundulika kuwa pande mbili zimepishana kwa sentimita 54, na upande wa Ujerumani ukalazimika kushushwa. Taarifa, basi, ilitolewa na ikapokewa. Kilichokosekana ni mpokeaji kuirudisha kwa mtoaji, akitaja kimo alichokipata na mwelekeo wa sahihisho lenyewe. Hakuna semina ya utamaduni ambayo ingeliziba pengo hilo.

Yaweza kupingwa kwamba lugha na vyeo viliua watu 583 huko Tenerife tarehe 27 Machi 1977, ndege za KLM na Pan Am zilipogongana, marubani Waholanzi wakiwa wanawasiliana kwa Kiingereza na mwongoza ndege Mhispania. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini miongoni mwa tiba zilizofuata, iliyogusa mawasiliano ya redio moja kwa moja ilikuwa nidhamu ya maneno: neno la kuruka likahifadhiwa kwa ajili ya kibali chenyewe, na urudiaji wa maelekezo ukasisitizwa kwa marubani wa mataifa yote.

Katika reli ya kisasa (SGR) nchini Tanzania, ambako wahandisi Waturuki na Watanzania hukutana katika Kiingereza kisicho lugha mama ya yeyote kati yao, suala hili si la nadharia. Waandishi wa mikataba ya miradi ya namna hiyo wanaombwa waweke sharti kwamba kila kipimo kinachovuka kutoka timu moja kwenda nyingine kiandamane na chanzo chake, kizio chake na mwelekeo wake, na kwamba kazi isianze kabla mpokeaji hajakirudia kwa maandishi.