Noti Zilezile, Mtu Yuleyule, Wimbo Tofauti

Kuna msee aliniandikia ati wapiga piano wa klasiki ni mashine tu. Wanasoma karatasi, wanabonyeza, wanapigiwa makofi, basi. Buda, keti hapa kidogo nikuambie kuhusu Glenn Gould.

Gould alikuwa kijana wa Toronto, Kanada. Juni 1955, akiwa na miaka 22, aliingia studio New York kurekodi Goldberg Variations za Bach: wimbo mmoja unaoitwa Aria, unageuzwa mara 30, halafu Aria inarudi vile ilivyoanza. Sasa, Bach alichapisha hiyo kazi 1741, na aliiandikia hapsikodi, kinanda cha zamani ambacho hata ukikigonga na hasira, sauti haiongezeki. Kuhusu kasi, karibu hakuandika kitu. Yaani karatasi inakupa noti, lakini kama utakimbia ama utatembea, utapumua wapi, kidole gani kisikike juu ya vingine, hiyo ni shauri yako.

Gould alikimbia. Aria haikufika dakika 2, na rekodi nzima ilikuwa kama dakika 38. Ikamfanya staa. (Sikiza vizuri utamsikia akiimba chinichini. Hakuwahi kuacha hiyo tabia.)

Hata mastaa wenzake walishindwa naye. Aprili 1962, Leonard Bernstein alisimama mbele ya ukumbi New York akaambia watu hakubaliani na vile Gould anataka kupiga konserto ya Brahms, polepole namna hiyo. Halafu akageuka, akaongoza okestra hivyo hivyo. Mashine gani huleta mzozo kama huo?

Miaka 2 baadaye Gould aliacha jukwaa kabisa. Lakini 1981 alirudi studio ileile, na Goldberg zilezile. Safari hii rekodi ilifika dakika 51. Ni kweli sehemu ya hizo dakika ni kwa sababu alirudia vipande ambavyo 1955 aliviruka. Lakini Aria hakurudia popote, mara zote mbili, na bado ile ya 1981 inapita dakika 3. Hapo hakuna kisingizio. Ni mtu ameamua upya.

Alikufa Oktoba 1982, akiwa na miaka 50, rekodi ikiwa ndiyo imetoka tu.

Ya 1955 ndiyo ilinishika kwanza, sikatai. Lakini usiku, taa zimezimwa, mimi huweka ya 1981, na ile Aria ya mwisho huwa sitaki iishe.