Jina lilibaki mlimani, watu wakahamishwa

Kila wiki naona selfi mpya ya mtu amefika Lenana. Poa sana, mita 4,985 si mchezo. Lakini manze, mnajua Lenana alikuwa nani?

Tuanze na mlima wenyewe. Mlima Kenya ni volkano iliyozima zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Batian (mita 5,199) na Nelion (5,188) ni mawe magumu yaliyoganda ndani ya koo la volkano. Barafu na mvua zikala sehemu laini zilizolizunguka, koo likabaki limesimama.

Mlima huo pia hugawa mvua. Upepo wa kutoka Bahari ya Hindi huangusha maji upande wa Embu na Meru, ukivuka Laikipia umeshakauka. Ndiyo maana kule Embu ni mashamba, na Laikipia ni nyasi. Nchi ya ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wa Wamaasai.

Mwaka wa 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika Batian na waongozaji wawili, César Ollier na Joseph Brocherel. Vilele akavipa majina ya malaiboni wa Kimaasai: Mbatian, nduguye Nelieng, na Lenana mwana wa Mbatian. Heshima, si ndio?

Ngoja. Mwaka wa 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mkataba na Lenana: Wamaasai watoke Bonde la Ufa, pande za Naivasha, wapishe masetla. Wengine wakapelekwa Laikipia, na ahadi kwamba hiyo ardhi ni yao milele. Milele ilidumu miaka saba. Lenana alikufa 1911, na mwaka huo huo mkataba mwingine ukasema watoke Laikipia waende kusini. 1913 wakaenda kortini. Korti ikasema huo ni mkataba kati ya mataifa mawili, haiwezi kuuingilia. Yaani kuhama, uhame kama mtu wao. Kushtaki, uambiwe wewe ni taifa lingine.

Mimi naona hivi: kukipa kilele jina la mtu ni bure. Nyasi ndizo zina bei. Halafu leo kukiwa na vurugu za ardhi Laikipia, tunashangaa ati zimetoka wapi.

Panda Lenana, piga selfi. Ukimaliza, geuza simu kaskazini magharibi uone ile tambarare kubwa. Hiyo ndiyo walikuwa wanataka.